Jirani kadaiwa milioni mbili za unga

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina genge la mboga na mahitaji madogomadogo hapa Tanga. Ninayekuandikia habari zake ni wa katikati, binti wa miaka tisa, yuko darasa la tatu.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda msibani nikamwachia genge yeye na kaka yake. Jirani akaja akachukua unga na mafuta ya kupima, akasema, "Niandikie, nitalipa Ijumaa." Jumla ilikuwa elfu mbili mia nne. Mtoto akafungua daftari la madeni akaandika. Ijumaa jirani kaja kulipa, tunafungua daftari pamoja, mbele ya jina lake tunakuta 2000400. Akasoma kwa sauti: "Milioni mbili na mia nne! Unga gani huu, mama?" Waliokaa kwenye benchi walicheka hadi machozi. Toka siku hiyo watoto wa mtaa wanamwita Milioni Mbili. Gengeni hakai tena, na lile daftari hataki hata kuliona.

Kinachonichanganya, Mwalimu, ni kwamba huyu mtoto hela anaijua. Mteja akimpa elfu tano kwa vitu vya 2,400, anarudisha 2,600 bila kalamu wala kuhesabu vidole, na hajawahi kunitia hasara hata ya mia. Lakini daftari lake la shule ni wino mwekundu mtupu. Nimekunakilia machache: 47 + 38 ameandika 715. 52 – 27 ameandika 35. Mia tatu na tano ameandika 3005. Nikimuuliza kwa nini, ananiambia ndivyo alivyosikia.

Mwalimu wa tuisheni kasema mtoto ni mzito, heri arudie darasa la pili. Baba yake anasema hesabu ni kipaji, kwenye ukoo wao hakuna aliyejaliwa, basi tumwache. Kuna duka la vifaa vya shule nimeona abakasi ya plastiki, ile fremu ya kuhesabia yenye shanga kwenye waya, inauzwa elfu kumi na tano, nikawa najiuliza ninunue au la. Mimi mwenyewe niliishia darasa la saba. Hiyo wanayoiita shuleni thamani ya nafasi sikumbuki kufundishwa. Sisi tuliambiwa tu "andika tano, chukua moja", ukikosea fimbo. Nimsaidieje mwanangu?

*Mama wa Genge, Tanga*

Marahaba, mwanangu.

Binti yako si mzito. Mtoto mzito harudishi chenji ya 2,600 kichwani huku mteja mwingine anauliza bei ya nyanya. Hilo tuliweke pembeni kabisa, na ikiwezekana mwambie yeye mwenyewe leo hii, kabla hata hujamaliza kusoma.

Sasa itazame tena ile 2000400, polepole. Elfu mbili: 2000. Mia nne: 400. Ameandika kila alichosikia, kwa mpangilio aliousikia, hakuacha kitu. Ni kosa la karani mwaminifu kupita kiasi. Nimefundisha darasa la kwanza na la pili miaka 31 na kosa hilo nililikuta kila mwaka, na mara nyingi kwa watoto wasikivu. Mtoto asiyesikiliza hukosea ovyo, leo hivi kesho vile. Huyu wako anakosea kwa kanuni moja tu, kwa hiyo kazi yetu ni kumbadilishia kanuni hiyo.

Tatizo ni kwamba mdomo na kalamu haviendi sawa. Tukitamka namba, kila tarakimu inatembea na jina lake: *elfu* mbili, *mia* nne. Tukiandika, majina yote tunayaacha mlangoni, zinaingia tarakimu peke yake na kila moja inakwenda kukaa kiti chake. Ile 2 inakuwa elfu mbili kwa sababu imekaa kiti cha nne kutoka kulia, basi. Ikihamia kiti cha pili ni ishirini. Ndiyo hiyo thamani ya nafasi. Wewe na mimi tumezoea mpaka hatukioni tena hicho kiti. Mtoto hajaambiwa kwamba kiti nacho kinasema, kwa hiyo anajitahidi kuandika majina yote kwa sifuri.

Na Kiswahili chetu kinamsaidia hapa na kumtega pale. Kumi na moja, kumi na mbili, safi kabisa: kumi liko wazi, na nyongeza yake iko wazi. Mia nne, elfu mbili, nazo wazi. Katikati hapo ndipo penye kichaka: ishirini, thelathini, arobaini, hadi tisini. Maneno hayo tuliyapokea kutoka Kiarabu, na mtoto akisikia "arobaini" hakuna kinachomwambia kwamba ndani yake mna makumi manne. Mganda anasema *amakumi abiri*, Mnyarwanda *makumyabiri*. Mtoto wao akitaja ishirini anakuwa ameshataja makumi mawili. Sisi wenyewe tunaposema miongo miwili kwa miaka ishirini tunafanya hivyo hivyo, ila mtoto wa darasa la tatu hasikilizi habari za miongo. Kwa hiyo kwa muda wa mwezi hivi, nyumbani kwako, arobaini na saba iitwe kwa majina yote mawili: "makumi manne na saba, arobaini na saba." Majirani watakuona umerudi zamani. Waache.

Kisha kuna hili "na". Mia tatu ni 300, mia na tatu ni 103. Kineno kimoja cha herufi mbili, na tofauti ni karibu mia mbili. Kuna mtoto niliwahi kumwambia aandike mia na tatu, akaniuliza, "Ipi, Mwalimu, ya na au isiyo na na?" Nilimpa pipi. Alikuwa ameona kitu ambacho darasa zima halijakiona.

Hebu fanya jaribio hili usiku mkishafunga genge. Mpe hesabu ya nyanya za shilingi 4,700 na vitunguu vya 3,800, umuulize jumla. Nakuhakikishia atasema elfu nane na mia tano, au atakuwa karibu sana. Halafu mwekee lile daftari la shule penye 47 + 38 alipoandika 715. Ni hesabu ileile! Gengeni anaiweza, kwenye karatasi inamshinda.

Si yeye peke yake duniani. Mwaka 1985 watafiti watatu walichapisha habari za watoto watano waliokuwa wakiuza bidhaa mitaani mjini Recife, Brazili. Wakiwa mezani pa biashara, watoto wale walipatia hesabu zaidi ya 98 katika kila 100. Hesabu za namna hiyohiyo zilipoandikwa kwa mtindo wa shule, tarakimu tupu bila nazi wala machungwa, walipatia kama 37 tu. Watoto walewale, vichwa vilevile.

Kwako kuna jambo moja zaidi ambalo nadhani ndilo lenye siri. Gengeni kwako, bei gani haiishii na sifuri mbili? Labda hizo za hamsini. Shilingi moja hainunui kitu, shilingi kumi hamna tena anayeishika. Kwa binti yako mia ndiyo "moja" yake. Ndicho kitu kidogo kabisa anachokijua. Mamoja na makumi hajawahi kuyagusa kwa mkono wake. Anayajua kwa jina, kama mtu unavyojua jina la babu wa babu yako. Ndiyo maana 4,700 ni ndugu yake na 47 ni mgeni. Kwa hiyo tunarudi chini, kwa mikono, tumtambulishe kwa hayo mamoja.

Jaribio la pili. Mhesabie visoda 16, mwambie aandike namba yake. Ataandika 16. Mwonyeshe ile 6, mwambie, "Nionyeshe hii kwenye visoda." Atasogeza sita. Mwonyeshe ile 1: "Na hii?" Tazama mkono wake. Watoto wengi husogeza kisoda kimoja. Kisha viko tisa pale katikati, havina mwenyewe, na mtoto haoni ajabu yoyote. Akifanya hivyo usimcheke wala usimsahihishe. Umeshajua ugonjwa uko wapi, hilo tu ndilo ulilokuwa unalitafuta.

Abakasi usinunue. Ni kifaa kizuri, na baadaye itamfaa, lakini si sasa. Kwenye abakasi ushanga wa makumi na ushanga wa mamoja vinalingana kwa ukubwa. Kinachovitofautisha ni waya vilipokaa. Yaani ni fumbo lilelile la kiti ambalo ndilo limemshinda, ila safari hii kwa rangi. Anachohitaji kwanza ni kumi linaloonekana kuwa kumi, analoweza kulishika na kulifumua akaona ndani yake. Daktari mmoja wa Italia, Maria Montessori, aliyefungua shule yake ya kwanza Roma mwaka 1907, alitumia shanga: ushanga mmoja peke yake, shanga kumi kwenye ujiti, mia kwenye mraba, elfu kwenye mchemraba. Mtoto anashika elfu mkononi, anaona uzito wake. Vya namna hiyo vinauzwa ghali. Wewe una fagio la chelewa.

Chukua vijiti vya fagio lililochoka, katakata vilingane, urefu wa kiganja, upate mia tatu na ishirini hivi. Chukua na nyuzi za katani. Mtu wa Tanga hawezi kuniambia hana katani. Tandika khanga kuukuu chini, ipige mistari miwili kwa chaki upate vyumba vitatu: kulia mamoja, katikati makumi, kushoto mamia. Sheria ni moja, na mwambie ni sheria ya nyumba: *kwenye chumba cha mamoja, kumi hawalali*. Wakifika kumi wanafungwa fungu, wanahamia chumba cha pili. Na mafungu yakifika kumi yanafungwa bunda, yanahamia cha tatu.

Hapo kwenye neno fungu uwe makini, kwa sababu wewe ni muuza genge. Fungu lako la nyanya leo ni nne, kesho zikiadimika ni tatu, na mtoto anajua fungu ni utakavyojaliwa. La hesabu haliongezeki wala halipungui, ni kumi daima. Mwambie hivyo waziwazi, maana mimi mwalimu wa watu niliwahi kufundisha "mafungu" wiki nzima kwa watoto wa wachuuzi bila kujua kwamba tunazungumza vitu viwili.

Na afunge yeye. Hili nalisisitiza kwa sababu ndipo tunapoharibu. Mzazi mwenye bidii hukaa usiku akafunga mafungu tisa mazuri, asubuhi anamkabidhi mtoto yakiwa tayari. Mtoto anayaona mafungu kama vijiti vinene. Kwake hilo ni "kimoja kikubwa". Akihesabu mwenyewe moja hadi kumi, akazungusha uzi, uzi ukamponyoka, akahesabu tena kwa sababu amesahau, akakaza, hapo ndipo kumi linapokuwa moja huku likibaki kumi. Nilikuwa na mvulana darasani, kila akipewa fungu la mwenzake lazima alifumue alihesabu upya. Wenzake walikasirika. Nami nilikasirika siku za mwanzo, darasa lina watoto themanini na kitu na huyu anafumua. Baadaye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa kutoa.

Sasa ile 47 na 38. Aweke mafungu manne na vijiti saba. Chini yake mafungu matatu na vijiti vinane. Asishike kalamu bado. Mwambie achanganye. Kwenye mamoja atapata vijiti kumi na tano, na kumi hawalali pale. Afunge kumi, avushe. Vinabaki vitano, na mafungu yamekuwa manane. Sasa ndiyo muulize: "Tuandikeje?" Akishaandika 85 mwenyewe, mletee ile 715 bila kelele. Muulize, hii 15 imeingiaje chumba cha mamoja, kina vitanda vingapi? Atacheka mwenyewe. Ile "chukua moja" uliyofundishwa kwa fimbo utaiona pia: ulikuwa unachukua *kumi*, hakuna aliyekwambia. Na mimi nilifundishwa hivyohivyo.

Kutoa ni shughuli pevu zaidi. Kwa 52 – 27 yeye ameandika 35 kwa sababu kwenye mamoja amekuta 2 na 7, akaona 2 haiwezi kutoa 7, akageuza: 7 toa 2. Mtoto mpole, hakutaka ugomvi. Shuleni atakuwa ameambiwa "akope". Neno hilo silipendi, na wewe mwenye daftari la madeni utanielewa: anayekopa hurudisha, na hapa hakuna kinachorudishwa. Tumia neno lenu la gengeni, *kuchenji*. Una mafungu matano na vijiti viwili, mteja anataka vijiti 27. Vidogo havitoshi. Unafanya nini mteja akikupa noti kubwa na huna chenji? Unakwenda kwa jirani kuchenji. Basi fumua fungu moja. Uzi unakatika, vijiti kumi vinamwagika chumba cha mamoja, vinakuwa 12, mafungu yanabaki manne. Toa saba, vinabaki vitano. Toa mafungu mawili, yanabaki mawili. 25. Arudie hiyo kwa namba tofautitofauti hata mara ishirini, na kila mara uzi ukatwe kwelikweli, usiseme "tuchukulie tumekata".

Wakichoka na hesabu, chezeni. Dadu la ludo, watu wawili au watatu. Unarusha, unaokota vijiti kwa idadi ya dadu, ukifika kumi unafunga, na wa kwanza kupata bunda la mia kashinda. Mchezo huo watoto hawauchoki, na kaka yake mwite aingie. Siku ya tatu ugeuzeni: kila mtu anaanza na bunda, kila akirusha anatoa. Hapo bunda lenyewe lazima lifumuliwe ili watu wapate mafungu, na fungu lifumuliwe ili wapate vijiti. Wataanza kusema "nichenjie" bila kuambiwa.

Yote hayo ni mamoja, makumi na mamia. Ile milioni mbili ya jirani haitibiwi na vijiti peke yake, kwa sababu elfu moja ya vijiti ni kumaliza mafagio ya mtaa. Inatibiwa na kadi, na hapa ndipo ningependa uweke nguvu zako.

Tafuta boksi la sabuni, kata kadi za kimo kimoja lakini upana tofauti. Kadi za mamoja, kutoka 1 hadi 9, ziwe na upana wa vidole viwili. Za makumi, 10, 20 hadi 90, ziwe na upana mara mbili ya hizo. Za mamia mara tatu. Za maelfu mara nne. Jumla kadi 36. Kila tarakimu ikae katikati ya nafasi yake ya vidole viwili, na sifuri nazo hivyohivyo, zisibanane. Kazi ya jioni moja, na asaidie kukata.

Kisha mwambie akuletee "elfu mbili". Analeta 2000. "Mia nne." Analeta 400. Azipange kama alivyoandika siku ile, moja baada ya nyingine: 2000400. Mwambie hivi ndivyo sikio linavyosikia. Sasa achukue ile 400 ailaze *juu* ya 2000, ncha za kulia zilingane. Sifuri tatu za elfu mbili zinapotea chini ya 400, na kinachosomeka ni 2400. Mwache aitazame. Aiinue ile 400 kidogo achungulie chini, aone sifuri bado zipo, zimefunikwa tu. Nimeona watoto wakifanya hivyo, wanainua na kurudisha, wanainua na kurudisha, kama mtu anayefunua sufuria kuangalia kama wali umeiva. Usimharakishe. Mia nne imekuja kukaa juu ya viti vilivyokuwa vimewekwa wazi kwa ajili yake.

Halafu mpe ile 305 iliyomshinda. 300, na juu yake 5. Kati inabaki sifuri moja imejitokeza, haikufunikwa na mtu. Muulize ni ya nani. Ni ya makumi, ambao leo hawakuja. Neno lenyewe sifuri asili yake ni Kiarabu, tupu. Kiti kitupu hakiondolewi, kwa sababu ukikiondoa 3 itasogea na utakuwa na 35. Kutoka hapo mpe 2,040, 2,004, 2,400 kwa siku moja, zikifuatana, asome kwa sauti. Hizo tatu zikimwelea, kazi kubwa imekwisha.

Na kwa vile ni mtoto wa genge, mrudishe kwenye hela mwishoni. Tumia sarafu za mia, noti za elfu na za elfu kumi tu. Ya elfu kumi mchore kwenye karatasi, msimbazi wa kweli usiupeleke kuchezewa. Za 200, 500, 2,000 na 5,000 weka kando, hazimo kwenye ukoo wa kumikumi. Sarafu kumi za mia zinahama na kuwa buku, buku kumi zinahama na kuwa msimbazi. Atasema, "Kumbe ni kama vijiti!" Au hatasema, lakini utamwona.

Robo saa kwa siku inatosha. Kuliko saa nzima Jumamosi na machozi, robo saa kila jioni na mchezo wa dadu. Akipiga miayo funga khanga.

Kuhusu tuisheni: usiende kugombana na mtu. Kama mwalimu huyo anamzidishia maswali yaleyale kwenye karatasi, ya nini kulipia makosa yaleyale? Pumzisha kwa mwezi mmoja. Nenda badala yake kwa mwalimu wake wa darasa, peleka daftari la shule *na* la madeni, mwambie, "Chenji anarudisha, kuandika ndiko kunamshinda." Maneno hayo yatamwambia mwalimu mengi kuliko "hesabu hajui". Kurudia darasa la pili hakuna haja. Akirudi huko atakutana na karatasi ileile. Na baba yake mwambie ukoo hauna hatia. Mpe dadu acheze nao, tutaona nani anafika bunda kwanza.

Limebaki jina la Milioni Mbili, ambalo nadhani ndilo linalomuuma kuliko hesabu yenyewe. Hilo halitaisha kwa kumficha nyumbani. Chukua daftari la madeni, ukurasa mpya, upige mistari wima: makumi elfu, maelfu, mamia, makumi, mamoja, vyumba vitano. Mwambie kuanzia leo wewe ndiye karani, na kila deni linaandikwa chumbani mwake. 2 kwenye maelfu, 4 kwenye mamia, 0, 0. Siku za kwanza kaa karibu naye, usiandike kwa niaba yake hata foleni ikiwa ndefu. Akizoea, mistari mtaiacha yenyewe. Mteja akija kulipa, yeye ndiye asome kwa sauti.

Na nafasi ya kwanza kwenye ukurasa huo mpe jirani yuleyule. Mwombe akope kitu makusudi, hata chumvi na kiberiti, na asimame pale mtoto anapoandika. Kwa kicheko kile alichokianzisha, analo deni kwa huyo binti.